Huruma Nayo Yataka Elimu

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wiki hii tulikuwa tumeazimia kuendelea na somo letu la haki za jirani. Lakini kuna jambo lililotokea nyumbani kwetu mwezi wa Julai, nalo limekataa kututoka moyoni. Tumeona afadhali tulieleze kama lilivyokuwa, pamoja na kosa letu lililomo ndani yake, huenda likamfaa mwenye nyumba mwingine. Nalo ni jambo la watoto wawili wa paka.

Wengi wenu mwajua kwamba tangu miaka miwili iliyopita tumehamia bara kusomesha madrasa mjini Nyeri, na makazi yetu ni Skuta, pembezoni mwa mji huo. Mtu wa Mombasa akihamia huku, somo la kwanza analopewa ni la baridi. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Mwezi wa Julai siku nzima huweza kupita jua lisionekane, ukungu ukashuka hadi mlangoni, na usiku joto likateremka hadi nyuzi 10 hivi. Twalitaja hili mapema kwa sababu kisa chetu chote kimesimama juu ya baridi hiyo.

Asubuhi moja tulipotoka kwenda mjini, tulimkuta paka wa kijivu amelala kando ya barabara, amegongwa na gari usiku. Tulimsogeza kwa fimbo hadi majanini ili asikanyagwe tena, tukaendelea na safari yetu. Lau tungalimtazama vyema tungaliona kwamba alikuwa ananyonyesha. Hatukutazama.

Jioni yake, baada ya Maghribi, binti yetu mwenye miaka 12 aliingia ndani amekunja pembe ya leso ya mamake. Ndani ya leso mlikuwa na watoto wawili wa paka, kila mmoja hakuzidi kiganja. Macho yao ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kupasuka, masikio yamelala kichwani, na miguu ya nyuma haiwabebi.

"Baba, hawa ni wa yule paka aliyekufa barabarani," alisema. "Wako katika banda la kuni la Shosho. Wamelia tangu adhuhuri."

Shosho ni jirani yetu, bibi wa Kikikuyu, mkulima, ambaye mtaa mzima humwita kwa jina hilo la heshima, nasi pia twamwita hivyo. Ndiye anayetuuzia maziwa. Usiku huo hakuwepo, alikuwa amekwenda Karatina kwa binti yake.

Tulimwambia mtoto awarudishe bandani. Tulisema kwamba kila kiumbe kina riziki yake kwa Mola wake, kwamba nyumba ni ndogo, na kwamba sisi si watu wa kujua ulezi wa paka. Tuliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa fatwa, kisha tukarejea kwenye kitabu tulichokuwa tukidurusu.

Mwanetu mdogo, mwenye miaka 8, alikuwa amekaa mkekani. Akauliza, "Baba, yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, alifanya nini?"

Ni Hadithi tuliyowafundisha sisi wenyewe, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari na Sahihi ya Muslim. Tulimjibu kwamba mwanamke yule alimfungia paka hadi akafa, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhini. Tukaongeza, kwa kujitetea, kwamba dhambi yake ilikuwa ni kufungia, nasi hatukumfungia mtu. Mwenye kumwacha paka huru hana lawama.

Binti yetu aliitazama leso, kisha akasema taratibu, "Lakini Baba, hawa hawajui hata kutambaa. Tukiwaachilia, waende wapi?"

Ndugu wasomaji, tumeisomesha Hadithi hiyo kwa takriban miaka 30. Tumeieleza kwamba ina milango miwili: ama umlishe mnyama, ama umwachilie ajilishe. Hata siku moja hatukujiuliza hali ya yule ambaye mlango wa pili kwake umefungwa na udogo wake. Kumwachilia asiyeweza kwenda ni kumtupa. Mtoto wa miaka 12 aliliona hilo kwa macho yake, na sisi tulikuwa tumelisoma tusilione. Tukafunga kitabu, tukasema waingie.

Hapa ndipo lilipoanza kosa letu la pili, nalo ndilo kubwa zaidi.

Huruma ilipotuingia, ilituingia kwa haraka. Mamake watoto alisema tungoje tuulize mtu, sisi tukasema, wataulizwa nani usiku huu na hali watoto wana njaa? Tukachukua maziwa ya ng'ombe yaliyobaki ya chai, tukayapasha moto kidogo, tukayatia maji. Tukamshika yule mdogo zaidi, tukamlaza chali kama anavyolazwa mtoto wa binadamu, tukamtilia maziwa kinywani kwa kijiko cha chai. Mengine aliyameza na mengine yakamtoka puani. Akapiga chafya, tukafurahi, tukidhani ni nguvu. Mkononi mwetu alikuwa baridi kama jiwe la kisimani, nasi tulidhani kwamba maziwa ndiyo yatakayompasha. Yule mwenzake alifumba kinywa akakataa kijiko, na kukataa kwake, kwa kudura ya Mungu, ndiko kulikomwokoa. Tukawaweka wote wawili ndani ya sanduku la karatasi ngumu juu ya gazeti, tukalala.

Tulipoamka kwa ajili ya Alfajiri, yule mdogo alikuwa amekufa. Maziwa yalikuwa yamegandia kwenye pua yake.

Watoto hawakutulaumu. Binti yetu alimkunja katika kitambaa, tukachimba chini ya mparachichi, tukamfukia. Mwanetu mdogo akauliza, "Baba, si tulimlisha?" Tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jibu.

Asubuhi hiyo Shosho alirudi na kuleta maziwa kama ada yake. Alipoambiwa habari, aliingia, akatia mkono sandukuni, akamgusa yule aliyebaki tumboni na chini ya kwapa.

"Ustadhi," alisema, "huyu ana baridi. Mtoto mwenye baridi hapewi maziwa. Hata mwana-kondoo, ukimpa maziwa akiwa baridi, umemuua. Tumbo lake limelala."

Kisha bila ya kuomba ruhusa, akafungua sweta yake na kumtia mtoto wa paka kifuani, juu ya nguo ya ndani, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Alikaa pale karibu saa nzima, akinywa chai na kuongea na mamake watoto habari za Karatina, huku mkono wake mmoja ukiwa juu ya sweta. Alipomtoa, mtoto wa paka alikuwa na joto na analia kwa sauti. "Sasa ndiyo ana njaa," alisema Shosho. "Mpelekeni kwa daktari wa mifugo awaambie mengine."

Tulikwenda mjini siku ile ile, mtoto wa paka yuko ndani ya koti letu. Daktari alikuwa kijana anayetosha kuwa mwanetu, naye alitusomesha kwa subira, na sisi tukakaa mbele yake kama wanafunzi. Yale aliyotufundisha twayaandika hapa kwa faida ya kila nyumba.

Alisema kwamba mtoto wa paka katika wiki zake za mwanzo hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Joto lake ni la mamake na la ndugu zake anaolaliana nao. Mahali alipo panatakiwa pawe na joto la nyuzi 30 hivi kwa wiki ya kwanza, kisha lipunguzwe kidogo kidogo. Tuliposikia hivyo ndipo tulipofahamu kwa nini tulikosea. Nyuzi 30 ni hewa ya kawaida ya mchana wa Mombasa. Sisi tumekulia kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ambako paka huzaa nyuma ya mlango au chini ya ngazi, na hewa yenyewe huwalea. Vivyo hivyo Lamu, mji ambao paka wake wajulikana na kila mgeni. Hatukuwahi kumwona mtoto wa paka akifa kwa baridi, kwa hivyo hatukujua kwamba baridi ni ugonjwa wake wa kwanza. Tulikuja Skuta na ujuzi wa pwani, tukautumia mahali ambapo haufai.

Akasema kwamba mwili ukiwa baridi, tumbo halisagi chakula. Maziwa hukaa humo na kuharibika, au hurudi juu na kuingia kwenye mapafu. Kwa hivyo joto hutangulia, chakula hufuata. Na kupasha moto kwenyewe kuwe kwa taratibu: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, iwekwe upande mmoja wa sanduku, ili akiona joto limezidi aweze kujiburura upande wa pili.

Akasema kwamba hanyweshwi akiwa chali kamwe. Mtoto wa paka hunyonya akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyokuwa kwa mamake. Kijiko hakifai. Atumiwe bomba dogo la sindano lisilo na sindano, na tone litolewe polepole ili ameze mwenyewe. Yakimtoka puani, mlishaji ameharakisha.

Maziwa ya ng'ombe, alisema, hayamfai. Mafuta na protini zake ni chache kuliko za maziwa ya paka, na sukari yake humharisha, na kuhara kwa kiumbe mwenye uzito huo ni jambo la kumkausha kwa siku moja. Yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, naye akatuagizia kopo kutoka Nairobi, likaja kwa matatu siku ya pili. Kwa usiku ule mmoja tu aliruhusu maziwa ya mbuzi, kidogo kidogo, kama ya dharura.

Kisha akamweka mizanini. Alikuwa na gramu 150. Akakadiria umri wake kuwa siku 9 au 10, akatuambia kwamba kwa ukubwa huo atanyweshwa mililita 5 hivi kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, na apimwe kila siku kwa wakati mmoja. Akiongezeka gramu 10 au zaidi kwa siku, anakua. Akisimama siku nzima bila kuongezeka, arudishwe kwa daktari.

Na jambo la mwisho, ambalo hatungalilijua hata tungaliishi miaka 100: mtoto wa paka wa umri huo hawezi kujisaidia mwenyewe. Mamake humlamba, na kwa kule kulambwa ndipo hutoka mkojo na choo. Asiye na mama hupanguswa kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kwa upole, kila baada ya kula, hadi afikie wiki tatu hivi. Asipofanyiwa hivyo ataumia na kufa na hali tumbo lake limejaa maziwa mazuri.

Tulirudi nyumbani tukagawana zamu. Mamake watoto na binti yetu walichukua mchana, sisi tukachukua usiku. Baada ya Isha tulimlisha, kisha saa tano, kisha saa nane, kisha karibu na Alfajiri. Kwa miaka mingi tumewahimiza watu mimbarini waamke thuluthi ya mwisho ya usiku, na twakiri mbele yenu kwamba si usiku wote sisi wenyewe tulikuwa tukiamka. Mwezi ule tuliamka kila usiku, kwa kuwa aliyekuwa akituamsha hakukubali udhuru. Na kwa kuwa tumeshaamka, na maji ya moto yako tayari kwenye sufuria, tulitawadha tukaswali. Hatujui ni zawadi gani nyingine ingaliweza kutufikia kwa njia ya namna hiyo.

Wako watakaouliza juu ya tohara, na ni haki yao kuuliza. Mwili wa paka na mate yake ni tohara. Ushahidi wake ni kisa cha Kabsha binti Ka'b bin Malik, aliyemtilia Abu Qatada (R.A.) maji ya kutawadha. Paka akaja, na Abu Qatada akamwinamishia chombo hadi akanywa. Alipomwona Kabsha anastaajabu, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Wameipokea Maimamu Malik, Abu Daud na Tirmidhi. Lakini mkojo wake na choo chake ni najisi katika madhehebu yetu ya Kishafii, na hauingii katika ile ruhusa ya kunyunyizia maji tu, kwa sababu ruhusa hiyo ni ya mtoto wa kiume wa binadamu ambaye hajatimiza miaka miwili na hajala ila maziwa. Kwa hivyo tulitenga kanzu moja kuukuu kwa kazi ya ulezi, na kanzu ya swala ikatundikwa chumba kingine. Anayesema kwamba tohara inamzuia kulea mnyama, basi kinachomzuia ni uvivu wa kubadilisha nguo.

Siku ya tatu macho yalifunguka yote mawili. Mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa na gramu 230. Siku moja alisimama, hakuongezeka hata gramu, na watoto wetu walikwenda shuleni wakilia. Tukampeleka kwa daktari, akatuambia kwamba tulikuwa tunachanganya unga mwepesi mno. Tulikuwa tumehurumia kopo. Tukarekebisha, akapanda tena.

Watoto walimpa jina la Hurayra, na hapo tukapata nafasi ya kuwasomesha. Tuliwaeleza kwamba sahaba Abu Hurayra (R.A.), aliyetupokelea zaidi ya Hadithi 5,000, jina lake hasa kwa kauli iliyo mashuhuri lilikuwa Abdurrahman bin Sakhr. Katika mapokezi ya Tirmidhi yeye mwenyewe aeleza kwamba alikuwa akichunga kondoo wa jamaa zake, na alikuwa na paka mdogo, usiku akimweka mtini na mchana akienda naye na kucheza naye, ndipo wakamwita Abu Hurayra. Na ni yeye huyo huyo ambaye ni mmoja wa waliopokea Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka. Binti yetu aliuliza kuhusu kile kisa cha Mtume (S.A.W.) kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Tulimwambia kwamba kisa hicho hupendwa na wengi, lakini hatukikuti katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, na kwamba mapenzi ya Mtume kwa viumbe hayahitaji kisa kisicho na sanadi, kwa kuwa yaliyothibiti yatosha.

Sasa tuingie kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Wiki ile ya kwanza, saa nane ya usiku, mtoto wa paka akiwa juu ya goti letu, ilitujia Hadithi nyingine waliyoipokea Abu Daud na Nasai: kwamba mwenye kutibu watu na hali hajulikani kuwa ana ujuzi wa tiba, akidhuru, atadhaminishwa. Wanazuoni wameijadili kwa matabibu. Sisi usiku ule tuliisoma juu ya nafsi zetu. Yule aliyezikwa chini ya mparachichi hakufa kwa njaa, wala kwa ukatili. Alikufa mikononi mwa mtu aliyetaka kumfaa na akaona haya kuuliza. Nia yetu ilikuwa njema, na nia njema twaiachia kwa Mola wetu aipokee. Lakini nia njema haikuyatoa maziwa kwenye mapafu yake.

Na hapo tukamkumbuka mwanafunzi mmoja. Hatutamtaja wala hatutaeleza habari zake zaidi ya inavyolazimu. Ni mtoto aliyefiwa na mamake mwaka huu, akaletwa kwa jamaa zake, nao wakamleta madrasa kwetu. Alikuwa hasemi, na akisinzia darasani. Sisi, kwa kumhurumia, tulimzidishia. Tulimpa sura za kuhifadhi kuliko wenzake, tukimwambia kwamba Qur'ani itamliwaza, na alipokosa tulimkemea mbele ya darasa, tukidhani twamjenga. Kila siku alizidi kunyamaza, na kila siku tulizidi kumpa.

Tulijiuliza usiku ule: je, tumewahi kumgusa mkono tukajua kama ana baridi?

Asubuhi yake hatukumsikiliza hifdhi. Tulimwita akae karibu na jiko la makaa, tukampa chai, na hatukumuuliza lolote. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu aliuliza kama ni kweli kwamba mwalimu ana paka, na tulimwambia aje baada ya Alasiri amwone. Alikuja, akapewa bomba, akafundishwa na binti yetu jinsi ya kumshika kifudifudi. Mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko yetu. Alipokuwa akimlisha, alisema, bila ya kuulizwa na bila ya kuinua uso, kwamba mamake naye alikuwa akihisi baridi sana siku za mwisho. Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyoyasikia kutoka kwake juu ya msiba wake. Tulimsikiliza hadi alipomaliza, na hatukumpa mawaidha.

Hatusemi kwamba amepona, kwa kuwa kufiwa na mama si homa ya siku tatu. Twasema tu kwamba sasa anasoma, kwa kipimo chake, na anakuja kila Alhamisi kumpima paka na kuandika gramu zake daftarini.

Ndugu zetu, katika nyumba zetu za Kiislamu hatuna upungufu wa huruma. Mtoto akifiwa na wazazi, jamaa hugombea kumchukua, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kumchukua ni mwanzo wa kazi. Baada yake kuna elimu: ana umri gani, ameona nini, usingizi wake ukoje, nani alikuwa akimlaza, kitu gani kilichokatika katika maisha yake siku ile mama alipotoka. Wengi wetu twaruka hayo yote tukakimbilia kijiko. Na elimu hiyo huenda isipatikane kwetu sisi wenye vilemba. Huenda ikawa kwa kijana wa mifugo mjini, au kwa bibi jirani ambaye si wa dini yetu, aliyeijua kwa kulea kondoo. Tuiulize ilipo.

Na kwa atakayeokota mtoto wa paka, huku bara au huko pwani, twamwusia mambo machache. Kwanza asiharakishe kumwokota. Paka mama huenda kuwinda na kurudi, basi atazame kwa mbali kwa saa kadhaa, na awaondoe mara moja tu ikiwa mama anajulikana kuwa amekufa, au watoto wako hatarini, au wamepoa. Pili, ampashe moto kabla ya kumlisha. Tatu, amlishe kifudifudi, maziwa yanayomfaa, polepole. Nne, ampanguse baada ya kula. Tano, ampime. Na kabla ya yote hayo amwulize anayejua, hata kama ni usiku, hata kama ataona haya.

Hurayra sasa ana wiki nane na uzito wa gramu 800. Ameanza kula nyama iliyosagwa na samaki wa kuchemsha, na ametumia sanduku la maranda bila ya kufundishwa. Daktari ametuambia tumrejeshe akifikia miezi minne au mitano ahasiwe, na juu ya hukumu ya jambo hilo, ambayo wanazuoni wamehitilafiana, tutaandika panapo majaliwa. Mchana hushinda kwa Shosho, katika banda lile lile la kuni, akiwinda panya ambao mamake hakuwamaliza. Usiku hurudi kwetu kwa ajili ya joto.

Wiki ijayo, inshallah, tutarejea kwenye haki za jirani. Mwenye kusoma kwa makini ataona kwamba hatukwenda mbali nazo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulilolikosea kwa ujinga, na atujaalie huruma yenye elimu na elimu yenye huruma. Wabillahi tawfiq.